UZI: Kutafuta namba tasa kubwa (tarakimu 100, 1000 na kuendelea) kwa programu fupi ya Python na laptop za kawaida

MwlHesabu_Ilemela

Wakuu habari za leo. Nina klabu ya kompyuta ya kidato cha tatu na cha nne huku Ilemela. Vifaa ni laptop tatu za mtumba, RAM GB 4 kila moja, Python 3.11. Tunataka wanafunzi wapate namba tasa ya tarakimu 100, kisha ya 1000, na mtu akiwauliza "mmejuaje kama ni tasa?" wawe na jibu la kueleweka. Programu tuliyo nayo ni hii:

```
def ni_tasa(n):
    for k in range(2, int(n ** 0.5) + 1):
        if n % k == 0:
            return False
    return True
```

Namba ya tarakimu 9 inajibu papo hapo. Ya tarakimu 20 inanata. Ya 100 haijibu kabisa. Tuboreshe wapi? Na mjue umeme wa mtaani hauna ahadi, kazi ya saa sita mfululizo ni bahati.

JiweLaBismarck

Mwalimu, hiyo usiiboreshe, iacheni kwa namba ndogo tu. Namba ya tarakimu 100 kipeuo chake cha pili kina tarakimu 50. Hata upate mashine inayogawa mara bilioni 1 kwa sekunde, kuzimaliza hizo 10^50 ni sekunde 10^41. Mwaka una sekunde milioni 31 na ushee. Ukiruka shufwa unapunguza nusu, ukiruka na vigawe vya 3 unabaki na theluthi. Theluthi ya milele ni milele.

Halafu ina makosa matatu hata kwa namba ndogo:

Ukiipa 1 inasema ni tasa. Ukiipa 0 pia.

`n ** 0.5` ni hesabu ya desimali yenye biti 53, yaani tarakimu 15 au 16 za uhakika. Juu ya hapo kipeuo kinaweza kupungua kidogo, na namba ambayo ni mraba wa tasa ikapenya. Tumia `math.isqrt(n)`, ipo tangu Python 3.8.

Na namba ikizidi takriban tarakimu 308, `n ** 0.5` inakufa na OverflowError. Kwa hiyo hata kama mngesubiri, ile ya 1000 isingeanza.

kijana_wa_Kirumba

Kwani chekeche la Eratosthenes halifai? Nasikia ndiyo njia ya haraka kuliko zote.

Bi_Tarakimu

Linafaa kwa kazi yake mdogo wangu, na kazi yake ni kuorodhesha tasa ZOTE hadi kikomo fulani: unaandika namba zote, kisha kwa kila tasa p unafuta vigawe vyake. Kikomo cha bilioni 1 kinawezekana kwenye laptop ya Mwalimu, ila si kwa kuandika `[True] * 10**9`. Orodha ya Python inabeba baiti 8 kwa kila nafasi, hiyo ni GB 8, mashine itaanza kutumia diski badala ya RAM na hata kipanya kitagoma. `bytearray` ni GB 1. Ukiweka witiri tu ni MB 500. Ukitumia biti moja kwa kila witiri ni MB 62.5.

Anza kufuta kutoka p*p, si kutoka 2p, maana vigawe vidogo vimeshafutwa na tasa za nyuma. Kisha hakiki hesabu: chini ya 1000 zipo 168, chini ya milioni 1 zipo 78,498, chini ya bilioni 1 zipo 50,847,534. Ukipata 78,497 au 78,499, kagua mipaka ya mzunguko kwanza, nambari moja ya ziada au pungufu hutoka hapo.

Lakini tarakimu 100? Hakuna RAM duniani. Hapo chekeche linabaki kuwa msaidizi, nitalirudia chini.

JiweLaBismarck

Sasa njia yenyewe. Badala ya kutafuta kigawo, tunaiuliza namba kama ina tabia ya tasa. Kanuni ya Fermat: kama n ni tasa na a haigawanyiki kwa n, basi a^(n−1) ukigawa kwa n unabaki na 1. Python inafanya hivyo kwa `pow(a, n-1, n)`. Hizo hoja tatu ndani ya `pow` ndizo zinazobeba kila kitu. Ukiandika `a ** (n-1) % n` kompyuta itajaribu kwanza kuijenga namba nzima ndipo igawe, na kwa n ya tarakimu 100 namba hiyo haiingii popote.

Shida ya Fermat: 341 = 11 × 31, lakini 2^340 inaacha baki 1. Basi badilisha msingi (ile a)? 561 = 3 × 11 × 17 inadanganya kwa kila msingi usio na kigawo cha pamoja nayo. Hizo ndizo namba za Carmichael, na hazina mwisho. Kwa hiyo Fermat peke yake usimpe mwanafunzi kama jibu la mwisho.

Dawa ni Miller–Rabin. Andika n−1 = d × 2^s, d ikiwa witiri. Piga a^d, kisha uwe unapandisha mraba. Kwa 561: 560 = 35 × 16. Ukianza na 2^35 unapata baki 263, mraba wake 166, mraba wake 67, mraba wake 1. Simama hapo. 67 × 67 imetoa baki 1 ilhali 67 si 1 wala si 560. Kwa namba tasa hilo haliwezekani, kipeuo cha pili cha 1 ni 1 au −1 tu. 561 imekamatwa, na si hivyo tu: kigawo kikubwa cha shirika cha 66 na 561 ni 33, cha 68 na 561 ni 17, na 33 × 17 = 561. Wanafunzi wafanye hii kwa mkono ubaoni kabla ya kugusa kompyuta.

```
import secrets

def huenda_tasa(n, raundi=40):
    if n < 4:
        return n in (2, 3)
    if n % 2 == 0:
        return False
    d, s = n - 1, 0
    while d % 2 == 0:
        d //= 2
        s += 1
    for _ in range(raundi):
        a = secrets.randbelow(n - 3) + 2
        x = pow(a, d, n)
        if x in (1, n - 1):
            continue
        for _ in range(s - 1):
            x = x * x % n
            if x == n - 1:
                break
        else:
            return False
    return True
```

Angalia `else` ile: ni ya `for`, si ya `if`. Ukiisogeza nafasi nne kwenda kulia, programu itaanza kuzikataa tasa halali.

Nyegezi64biti

Raundi 40 si nyingi mno?

JiweLaBismarck

Kwa namba isiyo tasa haifiki 40, karibu zote zinaanguka raundi ya kwanza. Raundi 40 analipa yule mmoja aliyefaulu tu. Hesabu ya woga: kila raundi yenye msingi wa bahati nasibu, isiyo tasa inapenya si zaidi ya mara 1 kati ya 4. Raundi 40 ni 1 kwa 2^80.

Kama namba zako ni ndogo huhitaji bahati nasibu kabisa. Chini ya 3,215,031,751 misingi 2, 3, 5 na 7 inatosha na jibu ni la uhakika. Hiyo 3,215,031,751 yenyewe ndiyo ya kwanza kuzidanganya zote nne, ni 151 × 751 × 28351. Kwa kila namba ya biti 64, tumia tasa 12 za kwanza, 2 hadi 37. Wanaoandika kwa C wakumbuke kwamba `x * x` ya biti 64 inafurika kimyakimya, wapitie `__int128`, la sivyo jibu ni uchafu na hakuna onyo.

Bi_Tarakimu

Nimerudi na chekeche. Mwalimu, swali ambalo wanafunzi watauliza ni "tutajaribu namba ngapi?". Tasa karibu na n zinapatikana wastani moja katika kila namba ln(n), ln ikiwa logi asilia. Tarakimu 100: ln ni 230, ukiruka shufwa ni 115. Tarakimu 1000: ln ni 2303, ukiruka shufwa ni 1151. Ukimwaga hizo 1151 zote kwenye Miller–Rabin unapoteza muda mwingi kwa namba zinazogawanyika kwa 3 au 7. Dagaa hupepetwa mchanga kwanza, ndipo wapande kwenye mizani. Ukitoa kila kinachogawanyika kwa tasa zilizo chini ya 1000, katika kila namba 100 zinabaki kama 8 tu. Kwa tarakimu 1000 hiyo ni majaribio mazito takriban 187 badala ya 1151.

Na usigawe namba kubwa kila mara. Chagua mwanzo mmoja, gawa mara moja tu kwa kila tasa ndogo, kisha futa ndani ya dirisha:

```
def tafuta(tarakimu, tasa_ndogo, dirisha=20000):
    msingi = 10 ** (tarakimu - 1)
    n0 = (msingi + secrets.randbelow(9 * msingi)) | 1
    hai = bytearray([1]) * dirisha
    for q in tasa_ndogo:               # 3, 5, 7, ... bila 2
        i = (-(n0 % q) * ((q + 1) // 2)) % q
        for j in range(i, dirisha, q):
            hai[j] = 0
    for j in range(dirisha):
        if hai[j] and huenda_tasa(n0 + 2 * j):
            return n0 + 2 * j
    return None
```

Ile `(q + 1) // 2` ni kinyume cha 2 katika baki za q, maana tunatembea kwa hatua za 2. Ukiweka 2 kwenye `tasa_ndogo` hesabu hiyo inaharibika. Ukitafuta namba ya tarakimu 2 au 3 kwa programu hii utafuta na tasa zenyewe, kwa hiyo iwe kwa kubwa tu.

Tarakimu 100 inatoka kabla hujainua kidole. Tarakimu 1000 kwa laptop ya zamani ni suala la dakika, si saa. Ukiongeza tarakimu mara mbili tegemea kazi kuongezeka hadi mara 16: kila jaribio mara 8 kwa kuzidisha kwa njia ya shule, na tasa zenyewe zimekuwa adimu mara mbili.

Angalizo kwa watakaotaka kutumia hii kwa ufunguo wa siri: kuchukua tasa inayofuata baada ya mwanzo wa bahati nasibu kunapendelea tasa zilizo baada ya pengo refu. Kwa klabu haina madhara. Kwa ufunguo halisi tumia maktaba iliyokaguliwa.

MwlHesabu_Ilemela

Asanteni sana. Tarakimu 1000 imepatikana. Lakini jina lenyewe la programu ni "huenda". Mwanafunzi akibanwa atasema "huenda"?

JiweLaBismarck

Hapo ndipo ninapotofautiana na walimu wengi. Wanaanza na namba yoyote kisha wanahangaika kuithibitisha. Mimi nasema chagua kwanza UMBO la namba, umbo ambalo uthibitisho wake ni rahisi. Kuna mawili yanayotosha kwa laptop zenu.

La kwanza, Proth: N = k × 2^n + 1, k witiri na ndogo kuliko 2^n. Ukipata a hata moja ambayo a^((N−1)/2) inaacha baki N−1, N ni tasa. Hakuna "huenda". Ikitoa baki lisilo 1 wala N−1, si tasa. Ikitoa 1, jaribu a nyingine. Chukueni k = 3. Mtego: a = 2 na a = 3 hazisaidii kamwe hapa. N ikiwa tasa (n ikiwa 3 au zaidi) zote mbili zinatoa 1 tu, mtazunguka bure. Anzeni na 5. Pia n ikibaki 3 ukigawa kwa 4, N inagawanyika kwa 5, irukeni (n = 3 inatoa 25). Chini ya n = 4000 ya mwisho kutoa tasa ni n = 3912, namba ya tarakimu 1179. Nyingine za kuhakikia: 189, 201, 209, 276, 353, 408, 438, 534, 2208.

La pili, Mersenne: M = 2^p − 1, na jaribio la Lucas–Lehmer. p lazima iwe tasa yenyewe (2^15 − 1 = 7 × 31 × 151), lakini hiyo haitoshi: 2^11 − 1 = 2047 = 23 × 89. Anza na s = 4, rudia mara p−2: s iwe s² − 2, chukua baki kwa M. Mwishoni s ikiwa 0, M ni tasa; s ikiwa si 0, M si tasa.

```
def lucas_lehmer(p):        # p tasa, witiri
    M = (1 << p) - 1
    s = 4
    for _ in range(p - 2):
        s = s * s - 2
        s = (s & M) + (s >> p)
        if s >= M:
            s -= M
    return s == 0
```

Hakuna kugawa humo. Kwa kuwa 2^p inaacha baki 1 kwa M, biti za juu unazishusha na kuzijumlisha na za chini. Hiyo ndiyo faida kubwa, kwa sababu Python 3.11 inazidisha namba kubwa kwa njia ya Karatsuba (ya haraka kuliko ile ya shule) lakini inagawa kwa njia ya shule.

kijana_wa_Kirumba

Yangu inasema 127 si tasa. Nimeandika hivyohivyo, ila nimetoa ule mstari wa `if s >= M` nikaona haufanyi kitu.

Nyegezi64biti

Mkuu ndio huohuo unaofanya kitu. Fuata p = 7: 4, 14, 194 → 67, 42, 111, na mwisho 111² − 2 = 12319. Katika biti 12319 ni 96 × 128 + 31. Ukikunja: 31 + 96 = 127. 127 ni M yenyewe, yaani 0 iliyovaa nguo nyingine. Usipotoa M, `s == 0` inakuwa uongo na Mersenne unayoitafuta inapita mbele ya macho yako.

Mitego mingine miwili ya aina hiyo: `1 << p - 1` bila mabano ni 2^(p−1), kwa p = 7 unapata 64. Na `s & M + (s >> p)` Python inajumlisha kwanza ndipo inafanya `&`. Mabano hayalipiwi.

p = 2 usiipe, mzunguko hauendi hata mara moja na itasema 3 si tasa.

Bi_Tarakimu

Kabla ya kuipeleka p kwenye Lucas–Lehmer ipitishe kwenye mchujo. Kigawo chochote tasa cha 2^p − 1 (p witiri tasa) kina umbo q = 2kp + 1, na ukikigawa kwa 8 kinabaki 1 au 7. Ni wachache sana, na kila q unaipima kwa `pow(2, p, q) == 1` bila hata kuijenga M. p = 11: k = 1 inatoa 23. p = 43: k = 5 inatoa 431. Zipo ngumu pia: p = 67 kigawo kidogo ni 193707721, k ni 1,445,580. Hicho ndicho mwanahisabati Cole alichotangaza mwaka 1903, alipotoa 2^67 − 1 = 193707721 × 761838257287.

Kwa p ndogo weka kikomo cha k kidogo na pia q isifike M yenyewe. La sivyo p = 5 itakupa k = 3, q = 31, na utaitupa 31 kwa "kugawanyika" na nafsi yake.

MwlHesabu_Ilemela

Tumefika p = 19937, jibu ni tasa, lakini `print(M)` inakataa: inasema imezidi tarakimu 4300.

Nyegezi64biti

Ni ulinzi wa Python, upo tangu 3.11, unazuia kubadilisha namba ndefu kuwa desimali. Weka `sys.set_int_max_str_digits(0)` juu ya faili. 2^19937 − 1 ina tarakimu 6002. Idadi ya tarakimu unaipata bila kuchapa: p × 0.30103, acha desimali, ongeza 1.

Na hapa naunganisha suala la umeme. Hifadhini kazi kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16), `hex(s)`. Haiguswi na kizuizi hicho na ni ya haraka, desimali inachelewesha namba zikiwa ndefu. Kila baada ya mizunguko 1000 andika p, hatua uliyofika na s kwenye faili la muda, `flush`, `os.fsync`, ndipo `os.replace` juu ya faili la zamani. Ukiandika moja kwa moja juu ya faili lenyewe na umeme ukakatika katikati, umepoteza la zamani na jipya. Betri za mtumba nyingi hushika dakika chache tu, msizitegemee.

Wa simu: Termux (programu ya Android) inaendesha Python vizuri, washa `termux-wake-lock`, la sivyo Android inailaza programu skrini ikizimika.

kijana_wa_Kirumba

Tukiziunganisha laptop tatu tunaweza kuvunja rekodi?

JiweLaBismarck

Hapana. Rekodi ya sasa ni 2^136279841 − 1, tarakimu 41,024,320, ilitangazwa Oktoba 2024. Luke Durant aliipata kupitia GIMPS, mradi wa kusaka tasa za Mersenne kwa intaneti ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996, kwa prosesa za picha zilizo kwenye vituo vya data. Lakini mwaka 1952 mwanahisabati Robinson alitumia kompyuta ya SWAC kupata p = 521, 607, 1279, 2203 na 2281, zote ndani ya mwaka huo, na hizo tano laptop moja yenu inazimaliza kabla ya kipindi kuisha.

MwlHesabu_Ilemela

Basi tunachukua p zote chini ya 5000. Tugawane vipi, laptop A hadi 1700, B hadi 3400, C zilizobaki?

Bi_Tarakimu

Hapana Mwalimu, C itabaki inafanya kazi peke yake wenzake wamelala. p ikiwa kubwa mara mbili, mizunguko inaongezeka mara 2 na kila kuzidisha mara 3 kwa Karatsuba, jumla mara 6. Orodhesheni p tasa kwa mpangilio (chini ya 5000 zipo 669), A achukue ya 1, ya 4, ya 7. B ya 2, ya 5. C ya 3, ya 6. Kila mashine iandike p pamoja na tarakimu 16 za mwisho za heksadesimali za s, hata pale ambapo si tasa. Kisha mashine nyingine irudie sampuli, mabaki yafanane. Kwa p = 11 baki la mwisho ni 1736. RAM iliyochoka hugeuza biti moja, na 0 iliyogeuka haina namna nyingine ya kuonekana.

Mnayopaswa kupata ni hizi 20: 2 (iwekeni kwa mkono), 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 61, 89, 107, 127, 521, 607, 1279, 2203, 2281, 3217, 4253, 4423. Kati ya 127 na 521 ni kimya kitupu, wasidhani programu imekufa. Iandike p inayopimwa kwenye skrini.